Ndugu Anapohesabiwa Kuwa Kosa

Kijana wa miaka 18 mjini Winnipeg, Kanada, anakabidhiwa ufunguo wa chumba chake cha kwanza. Mradi wa makazi unaomsaidia unalipa kodi na amana, ambayo kwa sheria ya Manitoba haizidi nusu ya kodi ya mwezi. Kitanda kimeletwa, sufuria zipo. Baada ya miezi michache mwenye nyumba anamwandikia notisi ya kuhama, na mara nyingi kodi si tatizo kabisa. Tatizo ni wageni: binamu wawili wamehamia sebuleni, rafiki aliyelelewa naye analala jikoni, na majirani wamechoshwa na kelele. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ya kuwasaidia vijana wa asili wa mijini kupata makazi inapofaulu au kuanguka.

Wenyeji wa asili wa Kanada wamo katika makundi matatu: Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Sensa ya 2021 iliwahesabu milioni 1.8, na zaidi ya laki nane kati yao wanaishi katika miji mikubwa. Winnipeg inao wengi kuliko mji mwingine wowote, zaidi ya 100,000. Baadhi walitoka jamii za mbali za kaskazini kufuata shule, hospitali au kazi. Wengine wamezaliwa mjini na hawana kwingine wanakokuita kwao.

Katika sensa hiyohiyo, watoto wa asili walikuwa asilimia 7.7 tu ya watoto wote wa chini ya miaka 15, lakini asilimia 53.8 ya wale walio katika malezi ya kambo. Takwimu hizo zina historia ndefu. Kwa zaidi ya karne moja serikali na makanisa waliwapeleka watoto zaidi ya 150,000 katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwafuta lugha na mila zao, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kuanzia miaka ya 1960 maofisa wa ustawi wa jamii nao wakawachukua maelfu ya watoto na kuwagawa kwa familia za Wazungu, wengine mbali kabisa na jimbo walikozaliwa. Mtoto aliyehamishwa nyumba baada ya nyumba hufikisha miaka 18, umri wa mtu mzima kisheria Manitoba, bila shangazi wala mjomba wa kumpokea. Utafiti wa kitaifa wa 2016 uliwahoji vijana 1,103 wasio na makazi. Asilimia 57.8 walikuwa wamepitia mikono ya ustawi wa watoto, na karibu theluthi moja ya wote walikuwa wa asili.

Agosti 2014 mwili wa Tina Fontaine, msichana wa miaka 15 wa jamii ya Sagkeeng, uliopolewa kutoka Mto Red mjini Winnipeg. Alikuwa chini ya uangalizi wa ustawi wa watoto, na alikuwa amewekwa hotelini. Kifo chake kiliitikisa Kanada nzima. Leo shirika la Ndinawe, lililoanzishwa 1993 kuwahudumia vijana wa mji huo, lina kituo chenye jina lake kilicho wazi mchana na usiku. Kijana hupata chakula, maji ya kuoga na mtu mzima wa kuzungumza naye, hata saa tisa ya usiku wa Januari, wakati baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 30 hasi.

Kutoka kituoni hadi kwenye nyumba, kazi huanza na karatasi. Kijana aliyehamahama huenda hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hapati kitambulisho, bila kitambulisho hafungui akaunti wala haombi posho, na bila posho hakuna mwenye nyumba atakayemsikiliza. Mhudumu wa makazi anaweza kukaa wiki nyingi kwenye foleni za ofisi pamoja naye kabla hawajaona hata chumba kimoja. Kuna mashirika yanayoamua kupanga nyumba kwa jina lao, kisha yanampangisha kijana. Njia hii huokoa muda mwingi.

Mkabala unaotawala siku hizi, wa kumpa mtu nyumba kwanza na kushughulikia ulevi, maradhi na ajira baadaye, ulitoka New York mwaka 1992. Kanada iliujaribu kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, Winnipeg ikiwemo, na watu wengi zaidi walidumu katika nyumba zao kuliko walioachwa na huduma za kawaida. Nauunga mkono bila kusita. Ila ulibuniwa kwa ajili ya watu wazima wenye maradhi ya akili, kila mmoja na chumba chake. Kwa kijana aliyelelewa na bibi pamoja na binamu saba, au aliyefanya wenzake wa makao ya watoto kuwa ndugu, chumba cha peke yake kinaweza kuwa adhabu. Akiwafungulia mlango anavunja mkataba, na akiwafungia huku nje kuna barafu amewatupa watu wake. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo mgeni hupewa mkeka bila kuulizwa atakaa siku ngapi hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Wala si kila anayebisha hodi ni ndugu. Wapo wauza dawa za kulevya wanaomwona kijana mpweke, wakahamia kwake polepole na kugeuza chumba kuwa chao. Kijana aliyezoea kutokuwa na sauti hawezi kuwaambia waondoke. Kwa hiyo mhudumu mzuri hukaa naye mapema, wakaandika pamoja nani anakaribishwa, kwa siku ngapi, na nani hapana. Kisha hujitolea kubeba lawama: kijana anaweza kusema mlangoni kwamba mradi umekataza. Kwa mwenye nyumba anapeleka ombi jingine, kwamba apigiwe simu yeye kwanza kabla notisi haijaandikwa.

Lakini mazungumzo hayawezi kupanua kuta. Kampuni ya Kinew, iliyoanzishwa Winnipeg mwaka 1970 kuwapangishia familia za asili, ilikuwa ya kwanza ya aina yake Kanada, na imeonyesha kwa miongo mitano kwamba wenyeji wanaweza kumiliki na kusimamia nyumba zao mjini. Mwaka 1993 serikali kuu ilisitisha fedha za kujenga nyumba mpya za jamii, na pengo la miaka iliyofuata bado halijazibwa. Nyumba zinazojengwa kwa vijana ziwe na sebule ya pamoja, jiko la kupikia watu kumi na chumba cha ziada cha mgeni. Mkataba utambue pia kwamba msiba ukitokea kaskazini, kijana atapanda basi na huenda akakaa huko wiki tatu, na chumba chake kibaki chake mpaka arudi.