Usugu wa Insulini na Yai Lisilopevuka

Miongoni mwa wanawake wanaofika hospitalini kwa sababu ya kuchelewa kupata ujauzito, wapo wengi ambao mfuko wao wa uzazi ni mzima, mirija yao iko wazi na mayai yao yapo ya kutosha, lakini mayai hayo hayapevuki kwa wakati wake, na chanzo chake hakimo katika viungo vya uzazi peke yake bali katika namna mwili mzima unavyoitumia sukari. Hali hiyo huitwa usugu wa insulini. Kuielewa kuna faida kubwa, kwa sababu kutopevuka kwa yai ni miongoni mwa vyanzo vya ugumba vinavyotibika vizuri, mara nyingi kwa vidonge vya kumeza, ilhali mwanamke asiyeelezwa jambo hili huishia kubeba lawama za wakwe na mawifi na kutumia fedha zake katika tiba zisizogusa kabisa mahali penye tatizo.

Insulini ni homoni, yaani kemikali inayotengenezwa na mwili na kupelekwa na damu ili kutoa maagizo mahali pengine. Hutengenezwa na kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, na kazi yake kuu ni kuziagiza seli za misuli, ini na mafuta zipokee sukari inayoingia katika damu baada ya mlo. Pale seli hizo zinapopunguza usikivu wake kwa agizo hilo, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike, na kwa miaka kadhaa juhudi hiyo huweza kufanikiwa kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha sukari huonyesha kuwa mambo ni salama, huku kiwango cha insulini katika damu kikiwa juu mchana na usiku. Uzito mkubwa, hasa mafuta yanayojikusanya kiunoni na kuzunguka viungo vya ndani ya tumbo, huongeza usugu huo. Lakini urithi nao una sehemu yake, ndiyo maana hali hii huonekana pia kwa wanawake wembamba.

Ovari, yaani viungo viwili vinavyohifadhi mayai ya mwanamke, haziwi sugu kama misuli. Hali hii inafanana na mgeni anayepaza sauti ya hodi kwa sababu mwenye nyumba hasikii vizuri, na jirani mwenye masikio mazima ndiye anayesumbuliwa na kelele. Insulini iliyozidi, ikishirikiana na homoni ya LH inayotoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo, huzichochea seli zilizo ndani ya ovari zitengeneze androjeni kwa wingi. Androjeni ni zile homoni zinazoitwa za kiume, ingawa kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Wakati huohuo insulini hulipunguzia ini uwezo wa kutengeneza protini inayozishika homoni hizo ndani ya damu, hivyo sehemu kubwa zaidi ya androjeni hubaki huru kufanya kazi.

Athari ya mchanganyiko huo huonekana katika folikuli, yaani vifuko vidogo vyenye majimaji ambavyo kila kimoja hulea yai moja. Katika mzunguko wa kawaida wa hedhi, folikuli kadhaa huanza kukua, kisha moja huzishinda nyingine, hufikia kipenyo cha milimita 20 hivi, hupasuka na kuliachia yai liingie katika mrija. Androjeni na insulini zikizidi, folikuli nyingi huanza safari lakini husimama njiani zikiwa na kipenyo kisichofika milimita 10, na kwa kuwa hakuna iliyopasuka, hakuna yai la kukutana na mbegu ya mwanamume. Hedhi nayo hupoteza mpangilio, kwa sababu ni kupevuka kwa yai kunakouwekea mzunguko saa yake. Folikuli hizo zilizosimama ndizo zinazoonekana katika ultrasaundi zikiwa zimejipanga pembeni mwa ovari, na mara nyingi mwanamke huambiwa kuwa ana uvimbe katika mayai, kauli inayomtia hofu bure, kwa kuwa hizo si saratani wala hazihitaji kukatwa.

Tatizo hili likijumuishwa na dalili zake huunda ugonjwa unaofahamika hospitalini kwa kifupi cha PCOS, ambao hukadiriwa kuwapata wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Ufahamu wake ulijengeka polepole. Mwaka 1921 Émile Achard na Joseph Thiers wa Ufaransa walieleza kisukari kilichoambatana na ndevu kwa mwanamke. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walieleza wanawake saba waliokosa hedhi wakiwa na ovari kubwa zenye vifuko vingi, na baada ya kukatwa sehemu ya ovari hizo wawili kati yao walishika mimba. Kwa miongo mingi iliyofuata macho ya madaktari yalibaki kwenye ovari, hadi mwaka 1980 watafiti wa Marekani walipoonyesha kuwa wanawake hao walikuwa na insulini nyingi katika damu na kwamba kiwango chake kiliongezeka pamoja na kiwango cha androjeni. Kuanzia hapo ilianza kueleweka kwamba kisukari na ugumba, magonjwa yaliyokuwa yakitibiwa katika vyumba tofauti, yanaweza kuwa na mzizi mmoja.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mwanamke kwa daktari ni hedhi inayokuja baada ya zaidi ya siku 35 au isiyofika mara nane kwa mwaka, nywele nene kidevuni, kifuani au tumboni, chunusi zisizokoma baada ya ujana, na nywele za kichwa kupungua utosini. Dalili nyingine, ambayo huashiria usugu wa insulini wenyewe, ni ngozi ya shingoni, kwapani au mapajani kuwa nyeusi na nene kama mahameli. Weusi huo si uchafu wala hauondoki kwa kusuguliwa, na kumtania msichana kwa ajili yake ni kumdhulumu mtu anayehitaji kupimwa. Kwa mujibu wa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, PCOS huthibitishwa pale mwanamke anapokuwa na mambo mawili kati ya matatu, yaani yai kutopevuka kwa mpangilio, androjeni kuzidi, na ovari zenye folikuli nyingi, baada ya magonjwa mengine kama ya tezi ya shingo na ya homoni ya maziwa kuondolewa katika hesabu.

Kupima insulini yenyewe si lazima, kwa kuwa vipimo vyake hutofautiana sana baina ya maabara. Kinachofaa zaidi ni kipimo ambacho mwanamke aliyelala bila kula hunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa sukari baada ya saa mbili: kiwango cha milimoli 7.8 hadi 11.0 kwa lita huonyesha kuwa mwili umeanza kuelemewa, na kuanzia 11.1 ni kiwango cha kisukari. Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu ni chepesi zaidi, lakini huweza kupotosha kwa mwenye sikoseli au upungufu wa damu, hali ambazo si ngeni katika Afrika Mashariki.

Tiba huanzia pale tatizo linapoanzia. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu hata bila kungoja agizo la insulini, ndiyo sababu mazoezi huwa na manufaa hata pale mizani isiposhuka, na kiasi kinachopendekezwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa haraka au kazi inayolingana nao. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake mara nyingi hutosha kurudisha mpangilio wa hedhi. Hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuishinda mingine yote. La msingi ni kuacha soda na juisi za dukani, kupunguza sukari ya chai, maandazi na chapati za kila asubuhi, kula ugali wa dona badala ya sembe na kuupunguza katika sahani ili maharage, choroko, dagaa, samaki, mchicha na matembele vipate nafasi kubwa. Ushauri huu hautolewi kama adhabu, na mwanamke mnene asinyimwe matibabu kwa kuambiwa tu akapungue kwanza, hasa ikiwa umri wake unasonga.

Pale hatua hizo zisipotosha, zipo dawa. Metformini, inayotumika kutibu kisukari tangu miaka ya 1950, huongeza usikivu wa mwili kwa insulini na huweza kurudisha hedhi, lakini ikitumiwa peke yake si dawa yenye nguvu zaidi ya kuleta mtoto. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 kwa wanawake 626 wenye PCOS, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 22.5 ya waliopewa klomifeni, inayochochea yai kupevuka, na asilimia 7.2 tu ya waliopewa metformini. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa wanawake 750 ulilinganisha klomifeni na letrozoli, dawa iliyotengenezwa awali kwa ajili ya saratani ya matiti, ambayo hupunguza homoni ya kike ya estrojeni kwa muda na kuifanya tezi ya pituitari itoe homoni zaidi ya kukuza folikuli. Asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaitaja letrozoli kuwa dawa ya kwanza ya kupevusha yai kwa wenye PCOS. Hutumiwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa mayai yanaweza kupevuka zaidi ya moja, na kamwe haitumiwi na aliye mjamzito tayari.

Zipo pia tiba zinazouzwa mitaani kwa jina la kusafisha kizazi. Folikuli iliyosimama haimo ndani ya mfuko wa uzazi bali ndani ya ovari, na kilichoisimamisha ni homoni, kwa hiyo kuusafisha mfuko huo hakuwezi kuifikia, hata dawa hiyo ingekuwa safi na muuzaji wake mwaminifu. Hasara yake kubwa ni miaka inayopita.

Usugu wa insulini usigeuzwe kuwa jibu la kila ugumba. Katika nchi za Afrika kuziba kwa mirija kutokana na magonjwa ya zinaa, au maambukizi baada ya kujifungua na baada ya mimba kutoka, ni chanzo kikubwa, na mwanamke mwenye PCOS anaweza kuwa na tatizo hilo pia. Upande wa mwanamume huhusika katika takribani nusu ya ndoa zenye tatizo hili, na unene na kisukari hudhoofisha homoni na mbegu zake vilevile. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, hivyo hakuna haki katika kumpitisha mke hospitali tano kabla mume hajapimwa mara moja.

Ujauzito ukipatikana, uangalizi hauishi, kwa kuwa usugu wa insulini huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba na kifafa cha mimba. Sukari na shinikizo la damu vipimwe mapema, na asidi ya foliki ianze kutumiwa kabla ya mimba kutunga, kwa kiasi cha mikrogramu 400 kwa siku au zaidi kwa mwenye kisukari kama daktari atakavyoelekeza. Hata asiyetafuta mtoto asiiache hedhi ipotee zaidi ya siku 90 bila kutibiwa, kwa sababu utando wa ndani wa mfuko wa uzazi usiomwagika huendelea kunenepa na baada ya miaka unaweza kugeuka saratani.

Wenzi waliojaribu kwa miezi 12 bila mafanikio, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, wanapaswa kwenda hospitali pamoja. Na ambaye hedhi yake haina mpangilio hana haja ya kungoja muda huo, kwa kuwa hedhi yake imekwisha kutoa taarifa. Anachostahili kuelezwa siku hiyo ya kwanza, kabla ya dawa na kabla ya vipimo vya gharama, ni kwamba mayai yake yapo, kwamba kilichoyasimamisha kinafahamika, na kwamba wanawake wengi walio na hali kama yake wamepata watoto.