Kabla ya kufungua giaboksi ya otomatiki, kagua mpira wa hewa

GARI la miaka mingi lenye giaboksi ya otomatiki likianza kuchelewa kubadili gia, au likibadili kwa kishindo, mmiliki wake huambiwa gereji maneno mawili tu: giaboksi imekufa. Kinachofuata ni safari ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kutafuta giaboksi iliyotumika ambayo historia yake haijulikani.

Hukumu hiyo huenda ikawa sahihi. Lakini katika baadhi ya magari ya zamani, dalili hizo hizo husababishwa na mpira mwembamba wa hewa uliopasuka, na fundi asiyeanza kuukagua humwingiza mwenye gari katika gharama isiyo ya lazima.

Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia mlango unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Mlango huo ukikaribia kufungwa, huku pistoni zikiendelea kuvuta, ndani ya manifodi hutokea ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, hewa huingia tele na ombwe hilo karibu litoweke.

Watengenezaji wa giaboksi nyingi za zamani walilitumia ombwe hilo kama mjumbe. Ubavuni mwa giaboksi hufungwa kikopo cha chuma chenye kiwambo cha mpira, kiitwacho moduleta, kilichounganishwa na manifodi kwa mpira wa hewa. Ombwe likiwa kubwa, gia hubadilika mapema na kwa ulaini. Likipungua, giaboksi huchukulia kuwa gari limebeba mzigo au linapanda mlima, hivyo huongeza msukumo wa oili na kuchelewesha gia.

Mpira huo ukitoboka, giaboksi hupokea taarifa ya uongo kwamba dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Gia huchelewa, kisha huingia kwa kishindo, ilhali ndani hakuna kilichoharibika.

Mfumo huo ulitumika katika magari mengi ya Marekani, na pia katika Mercedes-Benz za W123 na W124 zenye giaboksi ya 722.3, ambazo baadhi ya wamiliki wanazitunza hadi leo.

Za dizeli zina kisa chake. Kwa kuwa injini ya dizeli ya aina hiyo haina ombwe la kutosha kwenye manifodi, ombwe hutengenezwa na pampu maalumu, nayo katika W123 huhudumia kwa pamoja breki, giaboksi, kufuli za milango na kifaa cha kuzima injini. Ndiyo maana W123 ya dizeli inayokataa kuzima baada ya ufunguo kugeuzwa inastahili kuchunguzwa mipira yake yote, hata ile iliyofichwa ndani ya milango, kabla ya mtu kugusa giaboksi.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Chomoa mpira kwenye moduleta, injini ikiwa imezimwa. Ukikuta oili ya giaboksi ndani yake, kiwambo kimepasuka na injini inainywa oili hiyo. Dalili nyingine ni moshi mweupe, na oili kupungua bila tone kuonekana chini ya gari. Hapa pasichezewe, kwani oili ikipungua mno gia huanza kuteleza na sahani za klachi huungua. Kosa la kikopo kidogo huishia kuiua giaboksi kweli.

Mpira ukiwa mkavu, pima ombwe kwa geji. Injini ya petroli iliyo nzima, ikiunguruma bila gari kutembea, huonyesha kati ya inchi 17 na 22 za zebaki katika miji ya pwani. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban inchi moja, hivyo anayepima Arusha au Nairobi asishtuke akikuta pungufu kwa inchi tano au sita. Kinachotazamwa zaidi ni sindano kutulia.

Geji ikionyesha kidogo, sikiliza mluzi wa hewa, kisha bana mpira mmoja mmoja kwa koleo. Mngurumo ukibadilika na kutulia, mvujo uko upande huo. Wapo wanaopuliza petroli juu ya manifodi ili kusikia badiliko. Ni njia ya hatari, kwani injini ya moto na petroli havitaniani.

Toyota nyingi za zamani hazina moduleta. Giaboksi zake hutegemea kebo inayotoka kwenye mlango wa hewa, au kompyuta. Hata hivyo, mvujo wa hewa unaweza kupandisha mngurumo wa injini, na gari likashtuka kila linapotiwa gia ya mbele au ya nyuma. Kebo iliyolegea nayo huharibu mpangilio wa gia.

Oili ikiwa nyeusi na kunuka kuungua, au ikiwa na rangi ya maziwa kwa kuingiwa na maji ya rejeta, tatizo ni la ndani. Fundi atakiwe kufungua sampu mbele ya mwenye gari. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinathibitisha kuwa giaboksi lazima ifunguliwe.