Jimu Lokichar: Anayeihitaji na Asiyeihitaji

Jimu ni mahali palipotengwa kwa kuuchosha mwili makusudi. Mna vyuma vya kunyanyua, benchi ya kulalia, kamba, na penye mtaji mkubwa zaidi, mashine ya kukimbilia bila kwenda popote. Katika miji midogo ya Kenya vifaa hivyo mara nyingi hutengenezwa papo hapo. Fundi huchukua bomba la chuma, akalisimamisha ndani ya mkebe wa rangi wa lita 4, akaujaza zege, akangoja ikauke. Kisha akaligeuza na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Mkebe wa lita 4 uliojaa zege una uzito wa karibu kilo 10, kwa hiyo bomba lenye mikebe miwili ni mzigo wa kilo 20 na ushei. Haupendezi machoni kama vyuma vinavyong'aa vya Nairobi, lakini msuli haujui bei ya mzigo. Unaujua uzito tu.

Siha ambayo watu huifuata jimu ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pumzi, yaani uwezo wa moyo na mapafu kuhimili kazi ya muda mrefu. Ya pili ni nguvu za misuli, na ya tatu ni wepesi wa viungo pamoja na uwezo wa mwili kujisimamisha bila kuyumba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Mazoezi ya wastani ni yale yanayomwachia mtu pumzi ya kuzungumza lakini si ya kuimba. Mwongozo huo hausemi popote kwamba dakika hizo lazima zipatikane ndani ya jumba la mazoezi.

Katika kaunti ya Turkana, kwa vizazi vingi, dakika hizo zilipatikana kazini. Mchungaji hufuata mbuzi na ngamia tangu alfajiri hadi jua linapoinama. Wakati wa kiangazi visima huchimbwa katika mchanga wa laga, ile mito mikavu ambayo maji yake hujificha chini. Kisima kikiwa kirefu, watu husimama ndani yake mmoja juu ya mwingine, na karai la maji hupanda mkono kwa mkono hadi kwenye hori ambako mifugo inangoja. Kazi hiyo hugusa mapaja, mgongo, mabega na viganja kwa pamoja, na haina mashine inayoishinda. Mama anayechota maji kilomita 2 kutoka nyumbani, mara mbili kwa siku, hutembea kilomita 8, nusu yake akiwa na mtungi wa lita 20 kichwani, ambao ni kilo 20 kamili. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni zaidi ya saa moja na nusu. Siku mbili tu zinatosha kuvuka dakika 150 za wiki nzima. Mama huyo hana haja ya jimu hata chembe. Anachohitaji ni bomba la maji karibu na chakula cha kutosha.

Haja huanza pale kazi hizo zinapokoma. Ushahidi wake upo, na umetoka kwa Waturkana wenyewe. Watafiti wakiwemo Amanda Lea, Julien Ayroles na Mkenya Dino Martins waliwapima Waturkana wazima 1,226 na kuchapisha matokeo mwaka 2020 katika jarida la Science Advances. Walilinganisha makundi matatu: wafugaji wanaohamahama, walioacha ufugaji lakini wakabaki mashambani wakiuza makaa au vikapu vya kusuka, na waliohamia miji ya katikati ya Kenya. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa na afya nzuri ya moyo, karibu sawasawa. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na miili mizito zaidi, presha ya juu zaidi na dalili nyingi zaidi za kuelekea kwenye kisukari na maradhi ya moyo. Kukulia mjini kuliongeza hatari hiyo.

La kuzingatia hapo ni kundi la katikati. Kuacha mifugo peke yake hakukuwaharibia watu afya. Anayechoma makaa na kuyabeba hadi barabarani bado anautumia mwili wake. Madhara yalionekana pale maisha yote yalipogeuka: kazi ya kukaa, usafiri wa kubebwa, na chakula cha unga uliokobolewa, sukari na mafuta ya kupikia.

Lokichar, mji wa Turkana, iko kwenye ukingo wa mgeuko huo. Ilikuwa kituo kidogo kwenye barabara kuu ya Kitale hadi Lodwar, mpaka mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012. Yakafuata magari, nyumba za wageni, mahoteli na ajira za kila namna. Nyingi za ajira hizo ni za kukaa au kusimama mahali pamoja: dereva wa lori, mlinzi wa lango, karani, mwenye duka, wakala wa kutuma pesa. Kijana ambaye baba yake alitembea siku nzima nyuma ya mbuzi sasa hushinda juu ya pikipiki ya bodaboda, na hata kwenda dukani mita mia tatu huwasha injini. Chai huja na vijiko vinne vya sukari, chapati mbili zikifuata. Lodwar, makao makuu ya kaunti, imetangulia katika safari hiyo.

Kwamba kazi ya kukaa ina gharama yake kwa moyo si jambo jipya. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitoka mitaa ileile, wakavaa sare ileile, wakapanda basi lilelile. Lakini dereva alikaa siku nzima, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo mara chache kuliko madereva. Ni picha inayomhusu moja kwa moja mwendesha bodaboda wa Lokichar.

Kwa watu hao, basi, jimu inaweza kurudisha nini? Jambo kubwa inaloliweza kuliko njia nyingine ni nguvu za misuli. Msuli hukua unapopewa mzigo mzito kidogo kuliko uliouzoea, ukapumzishwa, ukalishwa, kisha ukaongezewa mzigo tena. Hatua hizo ndogo ndizo ngumu kuzipata nyumbani, na ndizo jimu huzirahisisha: leo mikebe ya kilo 10, mwezi ujao ya kilo 15. Wiki za kwanza nguvu huongezeka ingawa mkono haujanenepa, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuuamuru msuli vizuri zaidi. Unene huja baadaye. Wengi huacha katika wiki hizo hizo, wakidhani hawajapata kitu. Faida ya nguvu haiishii kwa vijana. Mtu asiyefanya kazi nzito huanza kupoteza misuli tangu miaka ya thelathini, na mzee mwenye mapaja yenye nguvu huinuka mwenyewe na hadondoki ovyo.

Jambo la pili ni mwalimu na wenza wa mazoezi. Kwa mfano, mwaka 2015 taasisi ya bingwa wa mbio ndefu Tegla Loroupe ilifanya mashindano ya mchujo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana. Mwaka uliofuata wakimbiaji 5 waliotoka kambini humo walikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyeibeba bendera ya timu hiyo kwenye sherehe za ufunguzi. Kipaji walikuwa nacho tangu zamani. Paulo Lokoro, mmoja wa wale watano, alikuwa mchungaji kabla ya kuwa mkimbizi. Walichoongezewa ni viatu, ratiba, kocha wa kuwasahihisha na kundi la kukimbia nalo huko Ngong. Jimu yenye mwalimu anayejua kumwonyesha mgeni namna ya kuchuchumaa na mzigo bila kuupinda mgongo ni bora kuliko jimu yenye mashine kumi na mwangalizi anayetazama simu.

Kupunguza uzito ni habari nyingine, na hapa watu wengi hulipia matumaini yasiyokuwa na msingi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa vipimo vya Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kila siku. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyoitumia kwa siku haikuzidi ile ya Wamarekani na watu wa Ulaya. Huenda mwili unaotumika sana hujibana kwingineko. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na kuiteketeza huchukua karibu nusu saa ya kutembea haraka. Anayetoka jimu akapitia kibandani kunywa soda mbili ameishia pale alipoanzia, au nyuma ya hapo. Kitambi hupungua kwanza mezani. Mazoezi huja kuulinda moyo, kuiteremsha presha na kuusaidia mwili kuitumia sukari iliyo damuni, na hayo huyafanya hata kama mizani haijasogea.

Gharama nayo isihesabiwe kwa mwezi, ihesabiwe kwa siku ambazo mtu anakwenda kweli. Tuseme jimu inatoza shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayekwenda mara 12 amelipa shilingi 125 kwa kila zoezi. Anayekwenda mara 3 amelipa 500. Wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walifuatilia wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliojiandikisha kwa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walifika wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila safari, ilhali tiketi ya mara kumi ingewagharimu dola 10 kwa kila safari. Walijidhania kuwa ni wahudhuriaji wazuri kuliko walivyokuwa. Mwenye nia ya kujiunga na alipe kwa siku mwezi wa kwanza, ahesabu mahudhurio yake, ndipo aamue. Umbali huamua mengi: jimu iliyo njiani kutoka kazini hutembelewa, ya upande wa pili wa mji husahaulika.

Pumzi, tofauti na nguvu, haihitaji kulipiwa kabisa, na Lokichar ina kiwanja ambacho miji mingi haina: mchanga. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba kutembea kwenye mchanga hutumia nishati mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Nusu saa ndani ya laga kavu, kwa hiyo, ni mazoezi kamili, mradi mvua isiwe inanyesha milimani, kwani mafuriko ya laga hufika hata pale mbingu zikiwa safi. Mwenye mtungi wa lita 20 anao pia mzigo unaopandishwa kidogo kidogo: lita 5 wiki hii, 8 wiki ijayo. Pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kujivuta juu ya tawi la mti, na ngoma ya edonga ya kurukaruka jioni nzima kwenye sherehe, yote yanahesabika.

Joto ndilo adui wa kweli. Bonde la Turkana hupanda nyuzi 35 na zaidi mchana, na chumba cha mabati hugeuka tanuri. Mwili katika hali hiyo unaweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Wakati unaofaa ni kabla jua halijachomoza vizuri au linapozama, na mgeni aliyetoka nyanda za baridi ajipe wiki moja hadi mbili za mazoezi mepesi mwili uzoee. Mwenye kizunguzungu, kichefuchefu au maneno ya kuchanganyikiwa apelekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji, apepewe na afikishwe hospitali.

Wenye jimu wana la kutengeneza pia. Wanawake wengi, wakiwemo Waislamu wa Kakuma, hawawezi kufanya mazoezi wakitazamwa na wanaume. Muda wa saa moja asubuhi uliotengwa kwa ajili yao haumgharimu mwenye jimu chochote. Na ni wao hasa wanaostahili kufikiriwa, kwa kuwa mwanamke aliyehamia mjini ameachana na mtungi na kuni mara moja, bila kiwanja cha mpira cha kumpokea kama kile kinachompokea kijana wa kiume.

Njaa nayo isifichwe. Misuli hujengwa kwa chakula, hasa maziwa, nyama, samaki wa ziwani, maharagwe na mayai. Familia inayokula mlo mmoja haina sababu ya kuigawia jimu shilingi yake. Fedha hiyo ina thamani zaidi kwenye sufuria. Aliye na mshahara wa kukaa, kiuno kinachopanuka na nafasi ya kwenda mara tatu kwa wiki atapata jimuni thamani ya fedha yake, hata ikiwa ni ya mikebe ya zege. Lakini kabla ya ada, apime presha na sukari, maana presha ya juu haiumi, na wengi wanayo bila kujua. Kupima huchukua dakika chache, na kazi hiyo hufanywa katika vituo vya afya vya Lokichar, Lodwar na Kakuma.