Maji Tunayokunywa (4): Redio ya balozi na chupa iliyogeuka nyeusi

Juma lililopita tulimwacha Dk. John Snow pale Broad Street, London, mwaka 1854, mpini wa pampu ya maji yenye kipindupindu ukiwa umeshang'olewa. Niliahidi kwamba leo tungeingia kwenye klorini. Klorini itasubiri. Wiki ya Maji, ile ya Machi 16 hadi 22, imepita, masika yameshika, na taarifa za habari zimerudia maneno yale yale ya kila mwaka: chemsheni maji, naweni mikono, jihadharini na kipindupindu. Nami nina jambo limenikaa kooni tangu wiki hiyo.

Nilialikwa kwenye uzinduzi wa bomba katika shule moja ambayo sitaitaja. Wanafunzi walipangwa juani tangu saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa sita kasorobo. Zikasomwa ngonjera, bomba likafunguliwa, maji yakaruka, picha zikapigwa. Mtoto wa darasa la nne aliyesimama karibu na kiti changu midomo ilikuwa imemkauka. Hakuna aliyempa maji, na hakuna aliyemuuliza anadhani maji yale yana nini ndani yake. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kutuimbia sisi wenye viti kwamba maji ni uhai. Jioni nikasikia redioni kwamba jamii na wanafunzi "walishirikishwa kikamilifu".

Wasomaji wangu wa siku nyingi wameshajua ninakoelekea, na baadhi yao wanacheka. Ndiyo, narudi kwenye Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya mwaka 1973. Nimeitaja mara mbili katika mfululizo huu, kwa kupita tu. Leo nitakaa.

Mwaka huo nchi hii iliwaketisha watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vidogo vidogo, kwa wiki 12, wasikilize redio, wasomewe kitabu, kisha wazungumze juu ya maradhi yao wenyewe: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei Tanzania nzima, watoto wakiwemo. Pigeni hesabu wenyewe. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000. Na jambo lile halikuzuka kama uyoga. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeujaribu mtindo huo wa redio, kitabu na kikundi mwaka 1971 kwa Wakati wa Furaha, kampeni ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Lakini iliyoingia mpaka uani kwa watu ni hii ya katikati.

Nilikuwa darasa la sita. Kikundi chetu kilikutana kwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na redio, na betri zake zilishinda juu ya bati siku nzima zikiota jua ili jioni zipate nguvu ya kumaliza kipindi. Kiongozi wa kikundi alisoma kwa shida, macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, basi nikaitwa mimi niwe msomaji. Fikirini mtoto wa miaka kumi na miwili mbele ya wazee kumi na wanne, na ukurasa unazungumzia vyoo. Kila nilipofika kwenye neno "kinyesi" nilishusha sauti. Mara ya tatu kiongozi akanigonga begani: "Soma lisikike, mwanangu. Kuhara hakuna adabu."

Jioni moja bibi mmoja, jirani yetu, akauliza: je, kinyesi cha mtoto anayenyonya nacho kina madhara? Kitabu kinasema kina madhara. Bibi akakataa katakata. Maziwa yametoka kifuani safi, mtoto hajala kitu kingine chochote, uchafu utoke wapi? Wazee wengi wakawa upande wake. Kiongozi hakuwa na jibu la kitaalamu na, kwa heshima yake, hakujifanya analo. Aliuliza swali jingine: mawinda ya watoto hufuliwa wapi? Kimya. Kila mtu alijua. Yalifuliwa kijitoni, penye mawe mazuri, hatua chache juu ya mahali tulipoteka maji ya kunywa.

Kesho yake wakaenda kutazama, bibi akiwa mbele. Wakaamua kuteka kuwe juu na kufua kuwe chini, na mpaka ukawekwa jiwe kubwa ambalo vijana wanne walilisukuma. Sina hakika kama bibi alikubali hata siku moja habari ya kinyesi cha mtoto. Ninachokumbuka ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa askari wa jiwe lile, na ole wako akukute na beseni upande wa juu.

Wataalamu wa warsha wa siku hizi wangeanza kwa kumwelimisha bibi. Wangemchorea bakteria ubaoni, wangempa posho na fulana, naye angerudi nyumbani na fulana.

Sisemi 1973 ilikuwa pepo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walichimba choo cha shimo kizuri, wakakiezeka, kisha wakakigeuza ghala la mahindi, na siku ya ukaguzi mahindi yakahamishiwa chumbani. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliiandikia kampeni hiyo kitabu kilichotoka mwaka 1978, na mtu akitaka picha pana kuliko ya mtoto wa darasa la sita aanzie huko. Hata hivyo vyoo vilichimbwa kwa malaki, na vilichimbwa na watu waliokwisha kubishana kwanza. Ubishi huo ndio ninaoutafuta leo na siuoni.

Nimefika mbali na nafasi inapungua, kwa hiyo niseme haraka jambo la siku hizi. Kipo kipimo ambacho mwanafunzi anaweza kukitumia bila maabara. Mwaka 1982 watafiti watatu wa India, Manja, Maurya na Rao, walieleza kipimo cha chupa ndogo yenye karatasi iliyolowekwa dawa na kukaushwa. Ndani ya dawa hiyo mna chakula cha bakteria, mna salfa na mna chuma. Ukitia maji yenye bakteria wa aina wanaoishi matumboni, wanakula, wanatoa ile gesi ya salfa yenye harufu ya yai bovu, gesi inakutana na chuma, na maji yanageuka meusi. Chupa inawekwa mahali pa joto, siku moja au mbili inatosha. Haikwambii yote. Maji ya kisima yenye salfa ya asili yanaweza kuidanganya, na haioni kabisa floraidi, ambayo wenyeji wa pande za Meru wanaisoma kwenye meno yao. Na chupa iliyogeuka nyeusi ni shamba la vijidudu: mwalimu aiue kwa dawa ya madoa kabla ya kuimwaga, asimwachie mtoto.

Mwaka jana nilikifanya kipimo hicho na klabu ya mazingira ya shule moja jirani. Chupa nne: bomba la shule, kisima cha nyuma ya uzio, ndoo ya darasani, na mtungi wa ofisi ya walimu. Asubuhi iliyofuata mtungi wa walimu ulikuwa wa kwanza kuwa mweusi, mweusi wa masizi. Kisima na ndoo vikafuata mchana. Chupa ya bomba ilibaki na rangi yake mpaka siku ya pili. Na maji ya mtungi yalikuwa yale yale ya bomba! Watoto wakaenda kuuchungulia mtungi wenyewe. Kikombe kimoja, hakina mkono, kila anayeteka vidole vinazama. Msichana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mimi nilivyosoma neno lile mwaka 1973: "Sasa Mwalimu, tuwaambie?"

Waliwaambia. Walibeba chupa zote nne mpaka ofisini, na mwalimu mmoja akabisha kwamba yeye ameyanywa miaka sita na hajaugua, wakabishana naye, kwa adabu, karibu nusu saa. Juma lililofuata mtungi uliondolewa, ikaja ndoo yenye koki.

Nilikusudia kumalizia kwa wanavijiji na Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kwa nini mita hizo hazipimwi na mtu. Bibi amenilia nafasi yangu yote. Basi juma lijalo tuanze na mita 60, na walimu watakaosoma waje na kamba. Klorini nayo tutaona.