Je, Wajua? Nusu Kaputi na Jino la Mtoto

Je, wajua kwamba nusu kaputi ilienea duniani kwa jitihada za madaktari wa meno? Mwaka 1844 Mmarekani Horace Wells alivuta gesi akang'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu. Mwaka 1846 William Morton akaonyesha hadharani usingizi wa etha mjini Boston. Hata hivyo, kwa mtoto wa Unguja aliyetobolewa gego na ubuyu wa sukari, huruma haianzi kwenye usingizi. Nusu kaputi inataka chumba cha upasuaji, oksijeni na mtaalamu asiyebandua macho kwenye pumzi ya mtoto, na mtaalamu huyohuyo ndiye anayengojwa na mama wa kujifungua kwa upasuaji.

Njia nyingine ilibuniwa ng'ambo tu ya bahari, Tanzania Bara, katikati ya miaka ya 1980: kukwangua uozo kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha kuziba tundu kwa saruji inayotoa floridi. Hakuna mashine inayovuma, wala umeme, na aghalabu hata sindano haihitajiki. Atakayeiita tiba ya kimaskini akumbuke UVIKO-19: nchi tajiri nazo ziliiendea, maana mashine zilirusha mate hewani. Pingamizi zito ni jingine. Mtoto wa miaka mitatu mwenye magego kadhaa yaliyotunga usaha hatibiki kwa kijiko, na kumbana mikono na miguu kitini ni ukatili. Huyo alazwe usingizi, meno yote yamalizwe kwa mkupuo mmoja, na mama awe kando anapofumba macho na anapoyafumbua.