Mpira, manila au mkanda? Kufunga mzigo kwenye keria

Gunia la mkaa likitikiswa njiani hushindiliwa na kupungua unene. Kamba isiyovutika, hata uikaze vipi asubuhi, itakuwa imelegea kabla hujafika sokoni. Ndiyo maana waendesha baiskeli hukata tyubu kuukuu: mpira uliovutwa huendelea kubana, na mzigo ukisinyaa nao unaufuata.

Tyubu nyingi hutengenezwa kwa butili, mpira wa viwandani unaostahimili jua na ozoni kuliko mpira asilia. Mpira asilia huvutika na kurudi vizuri zaidi, ila huwahi kupasuka. Ukitaka kujua hali ya mpira wako, ukunje kisha utazame mgongo wa mkunjo. Ukiona nyufa ndogondogo zinazokatiza upana wake, ozoni imeshaanza kuula. Hewa hiyo hupasua mpira uliovutwa. Uliolegezwa huathirika kidogo sana. Kwa hiyo ukishashusha mzigo, fungua. Kuuacha umekazwa juu ya keria tupu usiku kucha ni kuuchosha bure. Uepushe pia na mafuta ya mnyororo, maana huuvimbisha na kuulegeza. Unapoukata, tumia mkasi mkali, kwa sababu penye mchaniko mdogo pembeni ndipo utakapokatikia.

Manila ya plastiki ni rahisi na haiozi, lakini jua huila. Ikianza kutoa vinyweleo vinavyochoma viganja, usiiamini tena. Katani hushika fundo vizuri, ila ikilowa mara kwa mara huoza.

Kwa kreti za soda au mtungi wa gesi, vitu visivyobonyea, mimi huchagua mkanda wa poliesta wenye bizimu la chuma, kisha mpira mmoja juu yake. Mkanda wa nailoni una nguvu pia, lakini hunywa maji na kurefuka, jambo baya masika. Poliesta hainywi maji kiasi hicho, na hustahimili jua zaidi.

Mipira ya dukani yenye ndoana siipendekezi kwa mizigo mizito. Ndoana ikichomoka huruka kwa kasi, na jicho likipigwa huweza kupofuka.

Vyovyote utakavyofunga, ncha inayobaki ichomeke chini ya mzunguko wa mwisho. Ikining'inia ikanaswa na spoki, gurudumu la nyuma hukwama ghafla.