Kizito cha Tairi Kitaangukia Wapi?

Dereva akipeleka tairi kubalansiwa, swali lake la kwanza huwa bei. La pili, akiwa mdadisi, ni kama pana mashine. Nadhani katika mitaa kama Kibera na Kawangware kuna swali linalostahili kutangulia yote mawili: kile kipande cha madini kitakachogongewa kwenye rimu, siku kikichomoka, kitaangukia wapi na nani atakiokota? Kizito cha tairi ni kidogo mno, gramu 5, 10, pengine 40, lakini husafiri kwenye gurudumu linalopita katikati ya vibanda, mitaro na watoto, na kwenye barabara yenye mashimo hakikai milele. Hoja yangu ni kwamba njia ya kubalansi ichaguliwe kwa kuangalia kasi ya gari, na kizito kichaguliwe kwa kuangalia mahali kitakapodondoka. Ukiyaweka hayo pamoja, jibu ni jepesi: vizito viwe vichache iwezekanavyo, na visiwe vya madini ya risasi.

Tuanze na kasi, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama kuna tatizo lolote. Hakuna tairi lililo sawasawa pande zote. Vali peke yake ina uzito wake. Sehemu iliyozidi inapozunguka hulivuta gurudumu kuelekea nje, na mvuto huo hukua kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikizidi mara 2, mvuto huzidi mara 4. Chukua tairi la 175/65R14, saizi ya magari madogo mengi ya Nairobi, lenye gramu 20 zilizozidi ukingoni mwa rimu. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu hilo huzunguka kama mara 15 kila sekunde, na gramu hizo 20 huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 3, juu, chini, mbele, nyuma, bila kupumzika. Kwa kilomita 20 kwa saa mvuto huohuo unashuka hadi kama gramu 130, na mashimo yenyewe yanalipiga gari kwa nguvu kubwa kuliko hiyo. Ndiyo maana Probox inayobeba mboga kutwa ndani ya Kawangware haihitaji usahihi uleule unaohitajika kwa gari linalotoka Kibera na kuingia Southern Bypass kila asubuhi. Matatu iko katikati. Sheria inaibana kwenye kilomita 80 kwa saa, na kwa kasi hiyo mvuto wa mfano wetu bado ni kama kilo 2, unaotosha kutetemesha usukani, kuchosha beringi na bushi, na kulifanya tairi lilike kwa madoadoa.

Kuhusu njia zenyewe, ya zamani ni ile ya kiputo: gurudumu linalazwa juu ya ncha, na kiputo kilicho ndani ya maji kinaonyesha upande uliolemea. Haihitaji umeme na haiharibiki ovyo. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kutambua kama uzito uliozidi uko upande wa ndani wa tairi au wa nje, kwa hiyo tairi linaweza kutulia kabisa likiwa limelala na bado likayumba kulia na kushoto likianza kuzunguka. Mashine ya kuzungusha hupima pande zote mbili na kumwambia fundi gramu ngapi ziende ndani na ngapi nje. Kwa tairi pana, au kwa gari la barabara kuu, sioni cha kuishinda. Kwa tairi jembamba la mwendo wa mtaani kiputo kinatosha, mradi fundi asigongee kizito chote upande mmoja, bali akigawe nusu ndani, nusu nje. Shanga za kubalansi zinazomwagwa ndani ya tairi zinahitaji kasi ndipo zijipange. Kwenye foleni ya Naivasha Road zitabingirika tu. Dawa ya pancha ya majimaji nayo hujikusanya chini gari likiegeshwa na kuvuruga mizani iliyokuwa sawa.

Kabla ya kiputo na mashine kuna maji na brashi. Mvua ikinyesha, matope ya vichochoro vya Laini Saba, Kibera, au vya nyuma ya soko la Kawangware hujipachika ndani ya rimu, upande ambao mwenye gari hauoni, na yakikauka huganda kama tofali. Bonge la ukubwa wa ngumi lina uzito kushinda vizito vyote ambavyo fundi angeweka. Anayebalansi tairi lenye matope anayabalansi matope, na siku yatakapobanduka, vizito alivyoweka ndivyo vitakavyokuwa kasoro. Tairi lingeoshwa kwanza, baadhi ya vizito visingehitajika kabisa.

Sasa tuje kwenye madini. Risasi ilipendwa kwa sababu za haki. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, wakati chuma kina kama 7.8 na zinki kama 7.1, kwa hiyo kizito cha risasi huwa kidogo kwa umbo. Tena ni laini, hupinda kufuata rimu kwa pigo moja la nyundo. Ulaini huohuo ndio balaa lake. Mwaka 2000 mtafiti Robert Root alichapisha matokeo ya kuhesabu vizito vilivyodondoka katika mtaa mmoja mkubwa wa Albuquerque, Marekani. Alikadiria kama kilo 12 za risasi kwa kila kilomita kwa mwaka, na akaonyesha kwamba vizito havibaki vizito: magari huvikanyaga na kuvisaga hadi viwe vumbi. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku kwenye magari madogo mwaka 2005, na baadaye majimbo ya Marekani kama Washington na California yakafuata. Watengenezaji wa Japani nao waliviacha kwenye magari mapya. Kwa hiyo gari lililotumika Japani laweza kushuka Mombasa likiwa na vizito safi, kisha pancha ya kwanza tu likavishwa vya risasi.

Mtu atasema Kawangware si Albuquerque. Kweli, magari ni machache na mwendo ni wa polepole, na kilo 12 hizo siwezi kuzihamishia hapa. Lakini kinachochomoa kizito ni mishtuko na kulegea kwa kibanio kinachokishikilia kwenye rimu. Kibanio kilichokwisha kung'olewa na kugongewa tena kimepoteza ukali wake, na kile kilichoundiwa rimu ya chuma hakishiki vizuri rimu ya alumini. Tofauti kubwa zaidi ni nani yuko kando ya barabara. Mtoto huchezea pale vumbi lilipo na kupeleka mikono mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima damu ya watoto 387 wa Kibera wenye umri wa chini ya miaka 5, na asilimia 7 walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi kwa desilita. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri chanzo kitafutwe mtoto akifikia 5 tu, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Utafiti huo haukusema kwamba risasi ile ilitoka kwenye matairi, nami sisemi hivyo. Kuna rangi za zamani, betri kuukuu, na masalio ya petroli yenye risasi ambayo Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote: kwa nini tuhangaike na gramu 20 ilhali betri moja ina kilo kadhaa? Jibu langu ni kwamba vyanzo hivyo vingine vinahitaji fedha nyingi, mahakama na miaka, wakati hiki kinaondoka kwa fundi kubadilisha boksi analonunua. Tena mabadiliko hayo hayapunguzi ubora wa kazi: gramu 20 za chuma zinabalansi sawasawa na gramu 20 za risasi. Chuma hakipindi kirahisi, ni kweli, lakini vizito vya gundi huja vikiwa vimekatwa vipande vifupi na hufuata mviringo wa rimu bila nyundo, vikishikilia vizuri pale rimu ilipofutwa grisi na kukaushwa. Bei inaweza kuzidi kidogo. Lakini anayeosha rimu kwanza atatumia vipande vichache.

Kuvitambua si kazi. Sumaku ya spika kuukuu, ambayo haikosekani katika soko la Toi, itanasa kizito cha chuma na kuviacha vya zinki na risasi, mradi iguse kizito chenyewe, si kibanio chake. Kati ya hivyo viwili, risasi hukatika kwa kisu na huchora mstari wa kijivu kwenye karatasi. Zinki ni ngumu. Vingine vimepigwa chapa Fe, Zn au Pb. Aliyevishika anawe mikono kabla ya kula.

Panabaki swali gumu la vizito vinavyong'olewa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la makaa hufikia, na anayeyeyusha nyumbani huwavutisha mvuke wake wote waliomo. Kumuuzia mchuuzi wa vyuma chakavu ni afadhali, ingawa safari haiishii hapo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa miaka hadi kilipofungwa mwaka 2014; mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya tuzo hiyo kutenguliwa, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kopo la vizito vikuukuu lililo chini ya meza ya fundi wa pancha linahitaji mnunuzi anayejulikana anakoipeleka risasi hiyo, na kumtafuta huyo ni kazi ya kaunti kuliko ya fundi.